Mume wangu anasema nasahau kwa sababu sijali

Shikamoo anti,

Naomba usitaje jina langu. Nina miaka 37, nimeolewa mwaka wa 11 huu, watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa na mdogo ana miezi 10. Nafanya kazi ya uhasibu na huko kazini sijawahi kuchanganya mahesabu ya mtu, nakwambia hilo mapema kwa sababu ndo linaloniponza nyumbani.

Anti mimi nasahau. Na usiniambie ah hata mimi nasahau, kila mtu ananiambia hivyo na hainisaidii. Naingia chumbani nasimama katikati kama mgeni, nimekuja kuchukua nini, sijui, natoka, nikifika jikoni nakumbuka, narudi, njiani mtoto analia namchukua, basi imeshapotea tena. Juzi nilikuwa nimepiga magoti natafuta simu chini ya kitanda, namulika na tochi, na tochi yenyewe ni ya simu hiyo hiyo. Mwanangu mkubwa ndo aliniambia, "mama si umeishika", alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, ila baadaye nikaingia bafuni nikalia sijui hata nalia nini. Mwezi uliopita nilitaka kumtambulisha mtu ambaye tumekaa naye ofisi moja miaka sita, nikafungua mdomo, jina hakuna. Namjua mpaka watoto wake! Ikabidi nijifanye nimepigiwa simu.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki tatu zilizopita mume wangu alikuwa na fomu zake za maombi ya kazi, mwisho wa kupokelewa ilikuwa siku ile saa kumi jioni, na yeye yuko shifti hawezi kutoka. Akaniomba nizipitishe asubuhi nikienda kazini, ni kukata kona moja tu kushoto kabla sijafika kwangu. Bahasha ya kaki, niliiweka kwenye pochi kwa mkono wangu huu. Alinikumbusha usiku, akanikumbusha asubuhi, nikamwambia kwa ukali kidogo, "nimekuelewa baba, si nimeshaiweka?" Anti, pale kwenye kona hata sijui nilipitaje. Nilijikuta niko ofisini nawasha kompyuta. Siku nzima bahasha iko kwenye pochi na pochi iko miguuni kwangu. Saa tatu usiku natafuta chaja ndo nikaigusa.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Aliitazama bahasha, akanitazama, akasema, "Mahesabu ya bosi wako mbona husahau? Mtu hasahau anachokijali." Akazima taa. Tangu siku hiyo tunaongea kama watu wa zamu tofauti wanaokabidhiana kazi, mtoto ameoga, umeme umelipwa, usiku mwema.

Halafu wifi yangu, sijui kaambiwa nini, akanitumia voisi ya mtu mmoja anayefundisha mambo ya ndoa, anasema kuna daktari anaitwa Freud alithibitisha kwamba hakuna kusahau kwa bahati mbaya, unachokisahau ni kile ambacho moyo wako umekikataa. Nimeisikiliza mara nne. Na kinachoniumiza ni hiki, kazi ile ingemhamishia mji mwingine na mimi sikuitaka, nilimwambia wazi. Sasa nimeanza kujiuliza, au kweli? Au kuna mimi mwingine ndani aliyeificha ile bahasha?

Na kuna hofu nyingine sijamwambia mtu. Bibi yangu mzaa mama alisahau mpaka akatusahau sisi, alikuwa ananiita kwa jina la mama yangu. Usiku nikiamka kunyonyesha nasoma kwenye intaneti dalili za ule ugonjwa, kila dalili naiona ni yangu. Usingizi wenyewe ni wa kuokotaokota, hata vile vidonge vya aleji ninavyomeza kila jioni, vile vya kulewesha, havinilazi maana mtoto akiamka na mimi nimeamka. Cha ajabu nyimbo za darasa la pili nazikumbuka zote, na matangazo ya redio ya wakati ule neno kwa neno, yaani uchafu wote umo humo ndani, cha maana ndo hakikai.

Mimi ni mgonjwa anti, au mume wangu ana haki?

Mwenye Bahasha


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu kuna vitu umevipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayepita mlango wa nyuma, na nadhani vina uzito kuliko hata hiyo bahasha. Nitavirudia. Nimeviandika pembeni kabisa, maana na mimi sijiamini.

Tuanze na maneno ya mumeo, kwamba mtu hasahau anachokijali. Ni maneno matamu, yanaingia masikioni kama kweli, na si kweli. Nikupe mfano wa watu waliosahau kitu kilichokuwa kinashikilia uhai wao wenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio Marekani, jeshi lilikuwa linajaribu ndege mpya ya Boeing, Model 299, na aliyekuwa kwenye usukani ni rubani wa majaribio wa jeshi, sio mwanafunzi. Ndege zile zikiegeshwa zilikuwa zinawekewa kizuizi ili upepo usipigepige vile vibawa vya kuiongoza. Kizuizi kile kinatakiwa kifunguliwe kabla ya kuruka. Hakikufunguliwa. Ndege ikapaa, ikainua pua juu kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto, na watu wawili walikufa kutokana na ajali ile, rubani akiwa mmoja wao. Sasa mwambie mumeo atuambie, yule rubani alikuwa hajali?

Na angalia walichofanya baada ya pale. Hawakuwaita marubani wakawaambia jamani muwe mnajali zaidi. Waliwaandikia karatasi yenye orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka, na mpaka leo rubani mwenye miaka 30 ya kazi anaisoma orodha yake kabla ya safari, na hakuna abiria anayemwona mjinga.

Haya, kona. Kuna kukumbuka kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna kukumbuka kilichopita, na kuna kukumbuka kufanya kitu baadaye. Saa nne asubuhi ile, ukiwa kwenye kompyuta yako, mtu angekuuliza "mumeo alikuomba nini leo?", ungeruka kwenye kiti kabla hajamaliza swali. Habari ilikuwemo kichwani nzima kabisa, tarehe, saa, kona, kushoto. Kilichokosekana ni kitu cha kuiita kwa wakati wake, na wakati wake ulikuwa sekunde chache tu, pale kabla hujaipita ile kona. Sekunde hizo ulikuwa unafikiria kitu kingine, sijui homa ya mtoto au ripoti, na miguu ikafanya inachofanya kila siku. Hiyo njia umeipita mara ngapi, mara elfu? Kwenda moja kwa moja ndo tabia, kukata kushoto ni mgeni wa siku moja, na mgeni asiposimamiwa mwenyeji anakalia kiti chake.

Kuna Mwingereza mmoja, James Reason, alikuwa mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Manchester. Yeye alianza kuyachunguza makosa ya namna hii baada ya siku moja akiwa anatengeneza chai huku paka wake anamlilia chakula, akachota chakula cha paka akakitia kwenye birika la chai. Profesa mzima! Badala ya kuficha aibu akaanza kuwapa watu madaftari waandike kila walipojikuta wamefanya kitu ambacho hawakukusudia, na kilichojitokeza ni kwamba makosa haya hayatokei mtu akiwa anajifunza jambo, yanatokea kwenye yale anayoyaweza kabisa, aliyoyazoea, mawazo yake yakiwa mbali. Wahenga walishasema mazoea yana taabu, walikuwa wanasema mengine lakini hapa pia panafaa. Kwa hiyo wewe kupita kona ile kama roboti ni dalili kwamba njia ya kazini umeiweza mno.

Sasa, "mahesabu ya bosi mbona husahau". Kwa sababu mahesabu ya bosi huyabebi kichwani mwanangu. Yako kwenye skrini, yako kwenye faili, tarehe ya mwisho iko kwenye kalenda inayopiga kelele, na ukichelewa kuna mtu anakuja kusimama mezani kwako. Ofisi nzima inakukumbukia. Ukivuka kizingiti cha nyumbani, kila kitu kinahamia kwenye kichwa kimoja, chanjo ya mtoto, sare ya mkubwa, nani anadaiwa nini, gesi imebaki kiasi gani. Nina swali ambalo mumeo hatalipenda, na silijui jibu lake kwa hiyo simhukumu, hivi nyumbani kwenu tarehe ya chanjo inayofuata anaijua nani?

La chumbani nilimalize haraka. Mwaka 2011 mtafiti anaitwa Gabriel Radvansky wa chuo kikuu cha Notre Dame na wenzake walionyesha kwamba watu wakipita mlango wanasahau walichobeba zaidi kuliko wakitembea umbali ule ule ndani ya chumba kimoja, ni kama akili inafunga kurasa za chumba ulichotoka. Ila wengine walipokuja kujaribu tena, 2021, wakakuta mlango peke yake hauna ubaya mkubwa kihivyo, unaleta shida kichwa kikiwa tayari kimebeba mizigo mingine. Sasa wewe unapita mlango na mizigo mingapi? Na ukirudi jikoni unakumbuka kwa sababu kile kilichokutuma, sufuria au chupa ya mtoto, bado kiko pale kinakutazama.

Na ya simu na tochi, mimi nimewahi kutafuta miwani nikiwa nimeivaa, tena nikamlaumu mtu. Hiyo wala sio kumbukumbu. Vitu vya kila siku hatuviangalii, tunavipitia tu. Mwaka 1979 watafiti wawili, Nickerson na Adams, waliwaambia Wamarekani wachore kwa kichwa senti yao moja, sarafu waliyoishika maisha yao yote, na wengi walichora vitu vya ajabu, sura ikiangalia upande usio wake, maandishi yasiyokuwepo. Hawakuwa wamesahau, hawakuwahi kuiweka kichwani, haikuwa na haja. Funguo zako na simu yako ni hivyo hivyo, unaiweka chini huku unaongea na mtoto, picha haikupigwa, halafu baadaye unaitafuta picha kwenye albamu.

Jina la mwenzako wa ofisini nalo lina maelezo yake. Jina la mtu ni kitu kisicho na pa kujishikiza. Kwa Kiingereza Baker ni jina la ukoo na pia ni mwoka mikate, na waliojaribu, mwaka 1987, waligundua watu wakiambiwa mtu kwenye picha kazi yake ni mwoka mikate wanakumbuka, wakiambiwa jina lake ndo Baker linawatoka. Neno lile lile! Mwoka mikate ana unga, ana joto, ana harufu, akili ina pa kushika. Jina linaning'inia hewani. Na likikwama halijafutika. Mwaka 1966 Brown na McNeill kule Harvard waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu, na wale waliosema "ninalo, ninalo, liko mdomoni" waliweza mara nyingi kutaja herufi ya kwanza na hata idadi ya silabi, neno lenyewe likiwa bado halijatoka. Kwa hiyo siku nyingine usikimbilie simu ya uongo, mwambie tu "jamani nimekwama na jina lako", atacheka, na litakuja ukiwa unaoga.

Hapo ndo tumfikie Freud, maana hata yeye alianzia kwenye jina. Alikuwa safarini anazungumza na mtu, akataka kumtaja mchoraji wa picha za ukutani kwenye kanisa kuu la Orvieto, Italia. Mchoraji ni Signorelli. Yeye akapata Botticelli, halafu Boltraffio, Signorelli hakuja. Akaandika juu yake mwaka 1898, na mwaka 1901 akaanza kuchapisha kilichokuja kuwa kitabu kizima juu ya vitu hivi vidogo, kusahau majina, kuteleza ulimi, kupoteza vitu, akisema nyuma yake kuna jambo ambalo mtu hataki kulikumbuka. Alikuwa na jicho la kuona mambo madogo, hilo nampa. Lakini kuthibitisha? Hapana. Alieleza kwa ustadi, na kueleza kwa ustadi sio kuthibitisha. Mtu mwingine akimwangalia ataona kitu cha kawaida tu, jina moja limekwama na majina yanayofanana nalo yamejazana mlangoni.

Na kasoro ya nadharia hii ikiingia kwenye ndoa ni kwamba haina mlango wa kutokea. Ukikubali, una hatia. Ukikataa, aa, ndo kwanza moyo wako unaficha. Kesi ya namna hiyo hukumu iliandikwa kabla ya mashahidi kuja. Mimi nakuuliza tu, juzi ulisahau simu ukiwa umeishika, moyo wako ulikuwa unaikataa simu? Ulisahau jina la mtu unayempenda. Usahaulifu wako unagawa sawa kwa wote, haubagui, kwa nini kwa bahasha peke yake tuitafute siri?

Lakini sitakudanganya ili ufurahi. Kuna kapunje ka ukweli humo. Jambo tunalolipenda tunalirudiarudia kichwani bila hata kujua, tukioga, tukipiga pasi, na kila kulirudia kunalikaza. Jambo linalotukera tunaliweka kando mara tu tukimaliza kuitikia. Inawezekana kabisa kwamba usiku ule hukuizungusha ile safari ya bahasha kichwani hata mara moja, kwa sababu mwisho wake ulikuwa ni kuhama. Hapo hakuna mwanamke mwingine ndani yako anayeficha barua za watu. Kuna mtu aliyechoka ambaye hakupenda kulifikiria jambo, basi. Ila la kuhama bado mnadaiwa kulizungumza, na mlizungumze kama la kuhama, lisijifiche nyuma ya bahasha.

Sasa mahali ambapo mumeo ana haki, na nakuomba usome polepole. Wewe unajua unasahau. Umeniandikia ukurasa mzima wa ushahidi. Halafu mtu akakuomba jambo moja lenye saa ya mwisho, akakukumbusha mara mbili, na jibu lako likawa "nimekuelewa baba, si nimeshaiweka?" Ulisahau kwenye kona, hilo lingemtokea yeyote. Ila jana yake usiku, ukiwa na akili zako zote, ulikuwa na nafasi ya kujiwekea kitu cha kukuamsha kwenye kona na hukuweka, kwa sababu kuweka ni kama kukubali kwamba huwezi. Rubani anasoma karatasi. Wewe ulisema umeshaiweka. Na uliiweka wapi? Ndani ya pochi, chini, zipu imefungwa, mahali pekee ambapo bahasha haiwezi kukuona wala wewe kuiona. Ungeibeba mkononi njia nzima ungefika nayo kwenye kona ikiwa inakusumbua vidole, na usumbufu huo ndo ulikuwa kumbukumbu yako.

Kwa hiyo ukienda kumwomba msamaha, na uende, sijaona popote kwenye barua kwamba umeomba, usiseme "nilisahau". Anajua ulisahau. Mwambie "nilijua mimi ni mtu wa kusahau na sikujiwekea kitu, na wewe ukanikumbusha nikakuona unanisumbua, na nafasi yako imeenda." Hiyo ni sentensi ngumu kutoka mdomoni. Ukiimaliza, nyamaza, usiongeze "lakini na wewe".

Na yeye pia ajifunze kitu, siku mkiwa mmepoa. Kukumbushwa usiku kitandani na asubuhi mlangoni hakufiki kwenye kona. Kukumbusha kunafaa pale penyewe. Angekupigia dakika ile unayokaribia, au ungetega alamu ya dakika ile ikiwa na maneno, sio mlio mtupu ambao unauzima huku unajiuliza wa nini. Na kuna njia haihitaji hata simu, ilichunguzwa sana na Mjerumani mmoja, Peter Gollwitzer. Badala ya kujiambia "lazima nipeleke bahasha", unajiambia kwa sauti, "nikiona lile geti la kijani, nakata kushoto." Unataja utakachokiona na utakachofanya, mara mbili tatu, ukiwa unaliona hilo geti kichwani. Inaonekana ya kitoto lakini unakuwa umemkabidhi geti kazi ya kukukumbusha, na geti halina mtoto wa miezi 10.

Mengine yote andika. Daftari moja, moja tu, sio karatasi saba kwenye friji na meseji unazojitumia mwenyewe halafu huzisomi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wewe mhasibu nisikufundishe hiyo. Shangaa tu kwamba ya bosi unaiandika mpaka senti na ya nyumbani unaiacha ielee.

Bibi yako. Nimeiacha makusudi mpaka tutulie. Watu wenye ule ugonjwa kwa kawaida hawaandiki barua kama yako, yenye rangi ya bahasha na saa uliyoigusa ukitafuta chaja. Kinachotutia wasiwasi ni mtu kupotea njia anayoijua, kuuliza swali lile lile mara ya tano bila kujua kwamba ameuliza, kuishika funguo na kutojua ni ya kazi gani, kushindwa kazi aliyoifanya miaka, kwa mfano wewe ungeanza kuharibu mahesabu. Na mara nyingi wanaoona ni jamaa zake kabla ya yeye mwenyewe. Kwa umri wako ni nadra, na bibi kuugua uzeeni sio hati ya mashtaka yako. Hizo dalili unazozisoma saa nane usiku na mtoto kifuani, ungesoma dalili za ugonjwa wowote saa hiyo ungejikuta unao.

Ila hospitali nataka uende, na hapa ndo vile vitu nilivyoviandika pembeni. Cha kwanza, usingizi. Umeutaja kwa maneno machache tu. Tangu mwaka 1924, pale Jenkins na Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili wakakuta wakilala baada ya kujifunza wanasahau kidogo kuliko wakikaa macho, inajulikana kwamba usingizi na kumbukumbu ni ndugu wa damu. Miezi 10 ya kuamka amka, mwanangu, mimi nashangaa jina lako mwenyewe unalikumbuka. Mumeo ana mikono miwili na usiku una saa nyingi, mgawane.

Cha pili, vidonge. Dawa za aleji za zamani, hizi zinazolewesha, zinafika mpaka kwenye ubongo na zinaweza kuufanya uwe mzito na msahaulifu hata kesho yake. Unameza kila jioni, na unanyonyesha! Usiache kienyeji, ila muulize daktari kama kuna za aina isiyolewesha zinazokufaa wewe na mtoto. Cha tatu, kule bafuni. Mama mwenye mtoto chini ya mwaka anayelia bila kujua analia nini anatakiwa aulizwe kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na sonona ni mwizi mkubwa wa kumbukumbu. Mwambie daktari hilo, usilifiche chini ya la kusahau. Waombe pia wakupime damu, kama imepungua, na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ambayo baada ya kujifungua huwa inavurugika kwa baadhi ya akina mama ndani ya mwaka ule wa kwanza, na vitamini B12. Vyote hivyo vinaweza kuleta kusahau na vyote vina tiba.

Andika sasa hivi siku utakayokwenda, kabla hujafunga ukurasa huu. Na siku hiyo beba pakiti yenyewe ya vidonge, mkononi, usitegemee kulikumbuka jina.

Anti